Anko wa Basi na Wino wa Vidole Kumi

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, giza likiwa bado limeshikilia kuta za mtaa wetu hapa Nairobi, basi la manjano hukata kona na kupiga honi: mbili fupi, moja ndefu. Mlango unafunguka, anti, mhudumu wa basi, anashuka, anamshika mtoto mkono na kumpandisha. Dereva hana haja ya kugeuka. Mikono iko kwenye usukani, macho kwenye kioo cha pembeni, anangoja tu kusikia mlango ukifungwa. Watoto humwita anko. Sisi wazazi nasi tunamwita anko, na ujuzi wetu juu yake unaishia hapo. Namjua kwa honi yake. Najua anapenda rumba za zamani, maana redio yake hunifikia hadi langoni. Jina lake la pili silijui, wala alikofanya kazi kabla ya kuja kwetu, wala kilichomwondoa huko.

Mtu huyo nimemkabidhi mwanangu mara nyingi kuliko nilivyowahi kumkabidhi shangazi yake.

Katika kikao kimoja cha wazazi, baba mmoja aliyeketi nyuma alinyanyua mkono akauliza swali ambalo wengi wetu hatukuwa tumelifikiria: hawa wanaowaendesha watoto wetu, wamechunguzwa? Mwalimu aliyekuwa mbele hakubabaika. Akajibu kwamba wote wana cheti cha tabia njema. Ukumbi ukatulia, tukarudi kwenye bei ya sare. Nami niliondoka nimeridhika, na zilipita siku kadhaa kabla sijajiuliza cheti hicho hasa kinasema nini.

Madereva wenyewe hawakiiti hivyo. Kwao ni "gudi kondakti", na ukiwauliza watakueleza safari yake bila kukosea hatua. Unaingia kwenye tovuti ya serikali ya eCitizen, unajaza maombi, unalipa shilingi 1,050, unachapisha fomu inayoitwa C24. Fomu hiyo unaipeleka Huduma Centre au makao makuu ya Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, kwenye barabara ya Kiambu. Hapo afisa anakushika kidole kimoja kimoja, anakipaka wino mweusi, anakiviringisha kwenye kijisanduku chake cha karatasi kuanzia ukingo mmoja wa ukucha hadi mwingine. Vidole kumi. Ukitoka hapo unatafuta kitambaa cha kujifutia, na wino wenyewe hauna haraka ya kutoka. Kwa mtu aliyeshinda miaka mingi akikaza nati na kubadilisha matairi, ngozi ya ncha za vidole huwa imelika, na alama zikitoka hafifu kazi hurudiwa.

Alama hizo hulinganishwa na zilizohifadhiwa kwenye kumbukumbu za wahalifu. Zisipolingana na yoyote, unapewa cheti. Waajiri wengi hukihesabu kuwa na uhai wa mwaka mmoja.

Babu zetu waliijua namna hii ya kumpima mtu kwa wino. Sheria ya kuwasajili Waafrika ilipitishwa hapa Kenya mwaka 1915 na kuanza kutumika kwa nguvu vita vikuu vya kwanza vilipokwisha. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alitakiwa kubeba kipande: karatasi yenye alama za vidole vyake na orodha ya waajiri wake, iliyokunjwa ndani ya kikasha cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Mwajiri ndiye aliyetia sahihi kwamba amemwachilia. Bila sahihi hiyo, mtu alihesabika mtoro wa kazi na angeweza kukamatwa. Mwanaharakati Harry Thuku alikipigia kelele kipande hicho mwanzoni mwa miaka ya 1920. Sikitaji kipande ili kusema kwamba cheti cha leo ni uonevu uleule, maana cheti cha leo kinaombwa kwa sababu ya kumlinda mtoto, na hiyo ni sababu nisiyoweza kubishana nayo. Ninakitaja kwa jambo moja la ajabu. Kipande, pamoja na dhuluma yake yote, kilimwonyesha mwajiri mpya mahali mtu alikopitia. Cheti cha tabia njema hakionyeshi.

Kinaonyesha kwamba polisi hawana alama zako. Basi. Jina lake limebeba ahadi kubwa kuliko mwili wake unavyoweza kuihimili, kwa sababu tabia njema ni kitu ambacho DCI hawana chombo cha kukipima, na wala hawajawahi kudai kwamba wanacho. Walicho nacho ni kabati la kumbukumbu. Mtu ambaye hayumo kabatini huenda ni muungwana. Huenda pia ni mtu ambaye kesi yake haikufika.

Na ni nyingi zisizofika. Kila aliyekaa karibu na dawati la watoto katika kituo cha polisi anaijua njia yenye mashimo ambayo malalamiko ya mtoto hupitia. Mtoto kwanza aseme, na mara nyingi hasemi, kwa kuwa aliyemdhuru ni mtu anayeitwa anko na watu wazima wote wanaomzunguka. Akisema, mama amwamini. Akimwamini, baba akubali jambo litoke nje ya boma. Halafu kuna fomu ya P3 ya kujazwa na daktari, kuna nauli ya kwenda mahakamani mara ya kwanza, ya tatu, ya saba, kuna shahidi aliyehama. Katikati ya njia hiyo wamekaa wazee. Usuluhishi wao Kaskazini Mashariki huitwa maslaha. Kwingineko hauna jina, ni kikao tu chini ya mwembe au sebuleni kwa mjumbe, mbuzi wakahesabiwa au noti zikapita mkononi, aibu ikafunikwa. Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006, ile iliyosukumwa bungeni na Njoki Ndung'u, haitambui makubaliano ya namna hiyo. Inamwachia mwendesha mashtaka mkuu wa serikali uamuzi wa kusitisha kesi, wala haiwapi familia. Lakini kesi isiyoandikishwa haina cha kusitishwa. Mbuzi wakishaliwa, mhusika anaweza kupanda gari kesho yake asubuhi, akaenda Huduma Centre, akapakwa wino, na kupata cheti kisafi kama theluji ya Mlima Kenya. Hakuna aliyedanganya katika ofisi ile. Kila mtu alifanya kazi yake.

Waingereza walilipia somo hili kwa bei ya kutisha. Tarehe 4 Agosti 2002, katika mji mdogo wa Soham, wasichana wawili wa miaka 10 walitoweka. Aliyewaua alikuwa Ian Huntley, mtunzaji wa majengo katika shule ya sekondari ya mji huo. Alikuwa amechunguzwa kwa ajili ya kazi hiyo, na uchunguzi haukutoa kitu. Baadaye ikajulikana kwamba kule alikokuwa akiishi kabla, katika eneo la polisi wa Humberside, alikuwa amelalamikiwa mara kadhaa katika miaka ya 1990 kwa makosa ya ngono, baadhi yakihusu wasichana wadogo. Hakuna hata moja lililoishia kwa hukumu. Kila lalamiko liliangaliwa peke yake, hakuna aliyeyakusanya yote mezani, na kumbukumbu nyingine zilikuwa zimefutwa. Juu ya hayo, aliomba kazi kwa jina la ukoo la Nixon, na polisi wa Cambridgeshire hawakulitafuta jina la Huntley ipasavyo.

Tume iliyoongozwa na Sir Michael Bichard ilitoa ripoti yake mwaka 2004, na kutoka hapo sheria za Uingereza zikageuzwa. Leo kuna idara moja inayoitwa DBS, iliyoundwa mwaka 2012, na dereva anayebeba watoto wa shule kwa mkataba hupitia uchunguzi wake wa ngazi ya juu. Ngazi hiyo haiishii kwenye hukumu za mahakama. Mkuu wa polisi anaweza kuongeza habari ambazo kwa maoni yake yenye sababu zinahusiana na kazi inayoombwa, hata kama hazikufika mahakamani. Wapo wanaolalamika kwamba hilo linamhukumu mtu bila hakimu, na hawajakosea kabisa. Lakini kipengele ninachokiona kuwa na maana zaidi hakimhusu polisi. Mwajiri aliyemfukuza mtu kwa kumdhuru mtoto, au ambaye angemfukuza kama mtu huyo asingejiuzulu haraka, analazimika kisheria kuipelekea DBS habari zake. Asipofanya hivyo, yeye mwenyewe ana kosa. Kwa maneno mengine, shule ya kwanza hailali usingizi kwa kuwa tu imemwondoa mtu getini mwake.

Hapo ndipo penye kidonda chetu. Shule zetu, za umma na za binafsi, zina utaratibu wa kimyakimya wa kumaliza matatizo. Dereva akishukiwa, anaitwa ofisini, mlango unafungwa. Anaambiwa aandike barua ya kuacha kazi. Mwalimu mkuu hataki jina la shule magazetini, wazazi wa mtoto hawataki mtoto wao aonyeshwe kidole, na dereva hataki gereza. Pande tatu zinakubaliana, jambo ambalo ni nadra katika maisha. Wakati mwingine anaondoka hata na barua ya sifa: ni mchapakazi, anawahi, hajawahi kupata ajali. Yote kweli. Muhula unaofuata yuko kwenye basi jingine la manjano, katika kaunti nyingine, cheti chake kikiwa safi kama kawaida.

Wamarekani nao walikuwa na mchezo huohuo. Mwaka 2015, sheria kuu ya elimu iliyotiwa sahihi na Barack Obama iliyataka majimbo yanayopokea fedha za shirikisho yapige marufuku kumsaidia mfanyakazi wa shule kupata kazi mpya huku ukijua, au ukiwa na sababu ya kuamini, kwamba alimtendea mtoto ubaya wa kingono. Sheria hiyo inamgusa pia mkandarasi na wakala, kwa hiyo dereva wa kampuni iliyokodishwa hajifichi nyuma ya mkataba.

Naitaja Marekani kwa sababu nyingine pia. Rangi hii ya manjano tunayoiona kila asubuhi ilizaliwa kule. Mwaka 1939, profesa mmoja wa Chuo cha Ualimu cha Columbia, Frank Cyr, aliwakusanya New York maafisa wa elimu wa majimbo na watengenezaji wa mabasi, wakaichagua kwa kuwa maandishi meusi juu yake yanasomeka vizuri katika mwanga hafifu wa alfajiri. Kenya iliifanya rangi hiyo kuwa lazima kwa marekebisho ya Sheria ya Trafiki ya mwaka 2017, na shule zikakimbilia mafundi wa rangi. Sina ugomvi na manjano. Rangi hiyo inaokoa maisha barabarani. Ila rangi ni sehemu ya kumlinda mtoto na walio nje ya basi. Kuhusu aliye ndani, tulichukua machache.

Wengi kule Marekani pia hawaridhiki na cheti cha mara moja. Polisi wa upelelezi wa shirikisho, FBI, tangu mwaka 2014 wana huduma ambayo kwayo alama za vidole za mfanyakazi hubaki kwenye kumbukumbu, na akikamatwa popote baada ya kuajiriwa, taarifa inaweza kumfikia aliyemruhusu kufanya kazi. Cheti chetu ni picha ya siku moja. Dereva aliyekipata mwezi Januari na kukamatwa mwezi Machi bado anacho ofisini, kimebandikwa kwenye faili, muhuri unang'aa.

Haina maana kwamba hatuna sheria. Tunazo, na nyingine ni kali kuliko watu wanavyojua. Sheria ile ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 ina kifungu cha walio katika nafasi za kuaminiwa, nacho hakimtaji mwalimu peke yake. Kinamtaja pia mfanyakazi wa shule. Dereva akiitumia nafasi yake kumrubuni mwanafunzi, kifungo chake hakipungui miaka 10. Sheria hiyohiyo inamtaka mtu aliyewahi kuhukumiwa kwa kosa la ngono alitaje anapoomba kazi ya kuwa na mamlaka au uangalizi juu ya watoto, na kunyamaza ni kosa. Nimekisoma kifungu hicho mara kadhaa na kila mara nakiona kama kinamwomba fisi ajitambulishe mlangoni mwa zizi.

Upande wa walimu kuna ukuta mwingine. Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, ina rejista, na tangu waraka wake wa mwaka 2010 kuhusu kuwalinda wanafunzi, mwalimu anayepatikana na hatia ya kuwanyanyasa anaweza kufutwa humo. Akifutwa, jina lake hutangazwa, na shule yoyote inayotaka kujua inaweza kujua. Dereva hana rejista. Katika shule ya umma anaajiriwa na halmashauri ya usimamizi, katika ya binafsi anaajiriwa na mwenye shule. Hakuna anakofutwa, kwa kuwa hakuna alikoandikwa. Mwalimu aliye na mtoto darasani mbele ya wenzake 45 ana orodha inayomfuata nchi nzima. Mtu aliye na mtoto ndani ya gari lililofungwa vioo hana.

Lakini lazima niseme na upande wa pili, kwa kuwa nimewaona madereva wazuri wakiteseka kwa karatasi hii. Yupo aliyekamatwa akiwa kijana kwenye msako wa chang'aa, akakiri mbele ya hakimu ili arudi nyumbani, akalipa faini. Yupo aliyepigana stendi wakati wa ukondakta wake. Shule ikikuta rekodi, yoyote, humtupa nje, kwa sababu karani wa ofisi hana mwongozo wa kutofautisha faini ya pombe na kosa dhidi ya mtoto. New York ilijaribu kulitatua hili kwa kuandika ndani ya sheria yenyewe makosa yanayomzuia dereva wa basi la shule maisha yake yote, na yale yanayomzuia kwa miaka 5. Mtu anajua anakosimama. Kwetu, mzee mwenye miaka 20 bila ajali anaweza kunyimwa usukani kwa upuuzi wa ujana wake, huku kijana mwenye siri nzito akipita kwa sababu kesi yake iliishia kwenye mbuzi.

Na kuna mambo ambayo hakuna cheti kinachoweza kuyagusa, yanayopangwa kwa kalamu na karatasi ofisini kwa mkuu wa usafiri wa shule. Chukua mpangilio wa kushusha watoto jioni. Kila njia ina mtoto wa mwisho. Basi linapoanza safari lina kelele ya soko. Linapokaribia mwisho limebaki na mmoja, amesinzia kiti cha tatu, begi mapajani. Swali ni anti yuko wapi saa hiyo. Katika shule nyingi anti anaishi njiani, na kwa kuwa mshahara wake ni mdogo na nauli ni kubwa, hushukia kwao, kabla ya mtoto wa mwisho. Hakuna mtu mbaya katika mpango huo. Ni huruma kwa anti, ni busara ya mafuta. Lakini dakika 15 za mwisho za njia ile ndizo dakika ambazo shule ingepaswa kuziogopa, kila siku, miaka nenda miaka rudi, hata kama anayeendesha ni malaika.

Kisha dereva wa akiba. Anko akiugua, mwenye shule humpigia simu binamu yake mwenye leseni. Gari likiharibika, hukodishwa matatu ya karibu, na dereva wake huja nalo kama taa na tairi zinavyokuja na gari. Mombasa kuna watoto wanaobebwa shuleni na tuk-tuk iliyokodiwa na mama watatu wa jirani kwa malipo ya mwezi. Kisumu na vijijini ni bodaboda, watoto wamepangwa juu ya kiti kama mikate. Huko hakuna cheti, hakuna manjano, hakuna anti. Mjadala wote huu wa vidole na wino unahusu watoto ambao wazazi wao wanaweza kulipia basi.

Tulipofungua shule baada ya mapumziko ya katikati ya muhula, nilisikia honi moja tu, ndefu. Nilidhani ni gari jingine. Mtoto ndiye aliyelitambua basi. Kwenye usukani alikuwepo mwanamume mwembamba mwenye kofia ya sufu, hakuwa na redio. Nilimuuliza anti yuko wapi yule anko wetu.

"Amepata kazi kwingine, mama."

"Wapi?"

Anti hakujua. Na huyu ametoka wapi? Hilo nalo hakulijua, aliletwa juzi. Mwanangu alikuwa ameshapanda, amekaa dirishani, anachora kwa kidole kwenye ukungu wa kioo. Mlango ukafungwa. Nilipunga mkono kama kawaida.

Jioni niliandikia ofisi ya shule ujumbe, nikiuliza kwa adabu kama kuna mtu aliyepiga simu mahali dereva mpya alikofanya kazi mwisho. Jibu lilikuja kesho yake saa nne. Halikuwa na maneno, lilikuwa na picha: cheti cha tabia njema, cha mwaka huu, kimepigwa picha juu ya meza ya mbao, muhuri unasomeka vizuri. Nilikikuza kwa vidole viwili, nikakisoma chote. Angalau jina lake la pili sasa nalijua.